UZI: Namna ya kupima ubora wa filamu za muziki za zamani kwenye DVD, Blu-ray na mafaili

#1 Mtazamaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila wiki kuna anayeuliza humu toleo gani la filamu fulani ni zuri, na jibu huwa fupi: "Chukua 4K (diski ya picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida), iko safi." Kwa filamu za siku hizi jibu hilo linaweza kutosha. Kwa filamu za muziki za miaka ya 1930 hadi 1960, zile za kuimba na kucheza, halitoshi kabisa. Kuna matoleo yanayong'aa kama kioo lakini yameua filamu yenyewe, na yapo mengine yanayoonekana ya kawaida ambayo ndiyo ya kweli.

Msimamo wangu nautanguliza: diski nzuri ni ile inayokaribia filamu ilivyotoka mikononi mwa walioitengeneza. Ili ujue hilo, ulizia kwanza asili yake. Kilichoskaniwa, yaani kilichogeuzwa kuwa picha ya kompyuta, ni kitu gani?

Chukueni The Wizard of Oz (1939) au Meet Me in St. Louis (1944). Zilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu. Ndani ya kamera mlikuwa na prizimu ya kugawa mwanga, na mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe ikipita kwa wakati mmoja, kila mmoja ukibeba sehemu yake: nyekundu, kijani, buluu. Rangi zenyewe zilitiwa maabara, wakati wa kuchapa nakala za kupeleka kwenye sinema. Kwa hiyo negativu, yaani mikanda ya asili iliyopita kwenye kamera, za filamu zile zenye rangi kali kuliko zote hazina rangi hata tone. Ni fedha tupu juu ya mkanda, na fedha haipauki kama rangi. Nakala zilizochapwa kwa utaratibu ule nazo zinashika rangi miaka na miaka, ndiyo maana warejeshaji hutafuta nakala moja iliyotunzwa vizuri wakaitumia kama kipimo.

Tatizo ni kwamba mikanda ikizeeka husinyaa, na mitatu haisinyai sawasawa. Ukiirudisha pamoja, picha tatu hazikai moja juu ya nyingine. Hapo ndipo pa kutazama: midomo, kola nyeupe, ncha za vidole, nguo za milia. Ukiona utepe mwembamba mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili, ujue aliyetengeneza diski hakuipanga mikanda, au alitumia nakala ya zamani iliyoharibika tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 studio ya Warner walianza kutumia utaratibu wa kompyuta waliouita Ultra Resolution, wa kulinganisha mikanda hiyo mitatu fremu kwa fremu. Wekeni DVD ya Meet Me in St. Louis ya 2004 kando ya kanda yoyote ya VHS, mtaona nyuzi za lazi kwenye gauni ambazo zamani zilikuwa ukungu tu.

Baada ya asili naangalia nyuso. Mwigizaji wa 1944 alipakwa vipodozi vizito kwa ajili ya taa kali za Technicolor, lakini bado ana ngozi, ana vinyweleo, ana jasho. Akionekana kama sanamu la dukani, programu ya kufuta chembechembe (zile punje za filamu zinazoonekana kwenye picha) imepita hapo. Mara nyingi huja pamoja na mstari mweupe mwembamba kuzunguka mabega na nywele, kwa sababu baada ya kuifuta picha wanailazimisha ionekane kali.

Halafu miguu. Hii ni filamu ya kucheza! Fred Astaire alishikilia kwamba kamera imwonyeshe mwili mzima, kichwa mpaka viatu, na mchezo uende kwa mkupuo mrefu bila kukatwakatwa. Katika Top Hat (1935) na Swing Time (1936) picha ni ya 1.37 kwa 1, karibu mraba. Kwenye runinga yako pana lazima kuwe na weusi kushoto na kulia. Ukibonyeza rimoti ijae skrini nzima, ama unamnenepesha mwenzake Ginger Rogers, ama unamkata Astaire miguu. Zile za picha pana za miaka ya 1950 zilipatwa na kinyume chake: kwenye VHS zilikatwa pembeni ili zijae runinga za mraba, na wachezaji wawili waliotengana mwisho wa jukwaa hadi mwisho wa pili ukawa unaona mmoja mmoja, au nafasi tupu katikati yao.

Sauti nitairudia. Karibuni.

#2 BintiWaNakuru

Asante sana kaka kwa somo. Naomba unisaidie. Nina Blu-ray ya A Star Is Born ya Judy Garland, ile ya 1954. Karibu nusu ya kwanza kuna mahali picha inaganda. Watu wanaongea, muziki unaendelea, lakini naona picha za mnato tu, zinabadilika moja baada ya nyingine. Nimeisafisha diski, nimejaribu deki ya jirani, ni yale yale. Niirudishe dukani?

#3 Mtazamaji

Usiirudishe, dada. Hiyo diski ni nzima, na hapo ndipo palipo thamani yake kubwa.

Filamu ile ilipozinduliwa ilikuwa na dakika 181. Baadaye studio ikaikata hadi 154 ili majumba ya sinema yapate kuionyesha mara nyingi zaidi kwa siku, na mwongozaji George Cukor hakuwa na la kufanya. Vipande vilivyokatwa vikapotea. Miaka ya 1980 mwanahistoria wa filamu Ronald Haver alifukua maghala, akapata sauti nzima ya filamu na baadhi ya vipande vya picha. Palipokosekana picha aliweka picha za mnato zilizopigwa wakati wa kutengeneza filamu, zikaenda pamoja na sauti ya asili. Toleo hilo la dakika 176 lilionyeshwa 1983, nalo ndilo liko kwenye diski yako.

Angalieni uamuzi wake. Angeweza kuziruka sehemu zile, mtazamaji asisumbuke. Akaona heri tusikie maneno na nyimbo tukitazama picha zisizosogea kuliko kuukosa mtiririko wa hadithi. Mimi naona alifanya sahihi kabisa, na diski inayoliacha pengo lionekane inamheshimu mtazamaji.

#4 Kaka Mdogo

Mleta uzi nakuheshimu, ila kwenye hili la chembechembe sikubaliani na wewe. Nimenunua runinga ya inchi 65 kwa pesa ya kudunduliza. Nikiweka filamu naona vitu vinachemka ukutani kama mchwa. Wanangu wanauliza kama runinga imeharibika. Teknolojia ya kuondoa hayo ipo. Kwa nini tuteseke na uchafu wa 1950?

#5 Mpiga Projekta

Mwanangu Kaka Mdogo, nimeendesha projekta za 35mm Dar es Salaam tangu ujana wangu mpaka jumba letu lilipofungwa, acha nikuambie ninachokijua kwa mikono.

Uchafu na chembe ni vitu viwili. Vumbi, mikwaruzo, alama za gundi, madoa ya mafuta, hivyo ni uchafu, na aliyevifuta nampongeza. Chembe ndiyo picha. Filamu ni mamilioni ya punje ndogo zilizopigwa na mwanga, na kila fremu zimekaa mahali tofauti. Kope za mwigizaji zimechorwa na punje hizo hizo. Ukiiambia kompyuta izifute, inafuta na kope, inafuta na ufumaji wa kitambaa, inafuta na poda iliyoko hewani taa ya jukwaa inapopita.

Isitoshe, programu ya kufuta vumbi hutafuta kitu kidogo kinachoonekana kwenye fremu moja na kutoweka kwenye inayofuata. Tone la mvua linafanya nini? Hivyo hivyo. Kishada cha nguo kinachometa kinafanya nini? Hivyo hivyo. Kwa hiyo filamu yenye mvua na mavazi ya kumetameta inataka mtu akae aangalie fremu kwa fremu, isiachiwe mashine.

Kinachochemka ukutani kwako inawezekana si chembe ya filamu. Runinga mpya zikitoka dukani zimewekwa kwenye mtindo wa kung'arisha, wenye ukali wa picha umepandishwa juu sana, nao hukuza kila punje. Nenda kwenye mipangilio, chagua mtindo wa sinema, shusha ukali, zima ule ulainishaji wa mwendo. Utazame tena kwa siku chache.

#6 Kaka Mdogo

Nimefanya hivyo mzee wangu, shikamoo. Imepungua sana, hilo nakiri. Lakini bado msimamo wangu kwa filamu za kutazama na watoto ni picha laini. Kila mtu na jicho lake.

#7 Mpiga Projekta

Marahaba mwanangu. Watazame kwa raha.

#8 Kinanda

Habari za jioni wote. Mimi nafundisha kwaya, na nimekuja kwa ajili ya ile sauti mleta uzi aliyoahidi, maana kuna jambo linatuhusu sana sisi wa Tanzania na Kenya na watu hawalisemi.

Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. DVD zinazouzwa kwetu ni za mfumo wa PAL, unaokwenda kwa fremu 25. Njia rahisi waliyoitumia watengenezaji ni kuiendesha filamu haraka kidogo, fremu 24 zikawa 25. Hiyo ni asilimia 4 zaidi. Kwa filamu ya mapigano huoni kitu. Kwa filamu ya muziki ni balaa: wimbo unakimbia, na sauti inapanda kwa karibu robo tatu ya nusutoni. Haifiki ufunguo unaofuata, kwa hiyo inakaa kati ya vitufe viwili vya kinanda. Nikiwaambia wanakwaya wafuatishe wimbo kutoka kwenye DVD kama hiyo huku napiga kinanda, hatukutani.

Jinsi ya kuigundua ni kusoma dakika. The Sound of Music (1965) ina dakika 174. Ikiwa DVD yako inaisha kwenye dakika 167 hivi, hakuna kilichokatwa, imeendeshwa haraka tu. Wapo waliorekebisha kimo cha sauti kikarudi chini, lakini mwendo unabaki wa haraka, na mwimbaji wake Julie Andrews anapumua upesi kuliko alivyopumua studio. DVD za NTSC za Marekani hazina shida hiyo. Na Blu-ray nyingi za filamu zinakwenda fremu 24, kwa hiyo kwa mtu wa muziki hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuhama.

#9 Mtazamaji

Kinanda, umenifurahisha sana. Naongeza la upande wa mchanganyiko wa sauti.

Filamu ya 1939 au 1944 ilisikika kwa spika moja nyuma ya pazia. Diski ikija na sauti ya njia sita, jiulizeni imetoka wapi. Kwa bahati njema studio ya MGM walikuwa wakirekodi nyimbo zao kwa maikrofoni kadhaa, kila moja na sauti yake kwenye mkanda wa peke yake, ili wachanganye baadaye. Baadhi ya mikanda hiyo ilibaki, na ndiyo iliyowezesha nyimbo kadhaa za zamani kusikika kwa stereo ya kweli, okestra imetandazwa mbele yako. Hilo ni jambo zuri. Baya ni kuondoa kabisa mono ya asili, ile sauti ya njia moja. Diski yenye adabu inaweka zote mbili na kukuachia uchague.

Ukifika kwenye filamu za CinemaScope na Todd-AO, mifumo ya picha pana ya miaka ya 1950, mambo yanageuka. Hizo zilikuwa na sauti ya sumaku ya njia nne hadi sita tangu siku ya kwanza, na maneno yalimfuata mwigizaji: akisimama kushoto, sauti inatoka kushoto. Matoleo mengine ya nyumbani yameyabana maneno yote katikati kwa kuwa ndivyo tulivyozoea sasa. Funga macho, sikiliza watu wawili wanaojibizana kwa wimbo toka pembe mbili za picha. Wakisikika wote katikati, umepokonywa kitu.

#10 MwanaKisumu

Wazee, nina swali ambalo limenikosesha usingizi. Nina Oklahoma! ya DVD na rafiki yangu ana Blu-ray. Si mambo ya rangi tu. Ishara za mikono ni tofauti! Mahali pamoja mwimbaji anageuka mapema, pengine tabasamu halipo. Ipi ni ya bandia?

#11 Mtazamaji

Zote ni halali, ndugu yangu. Filamu hiyo ya 1955 ilipigwa mara mbili.

Ilikuwa ya kwanza kutumia Todd-AO, negativu pana ya 65mm inayokwenda fremu 30 kwa sekunde, ili picha iwe tulivu hata mtu akikimbia mbele ya kamera. Lakini majumba mengi hayakuwa na projekta za aina hiyo, na fremu 30 hazigeuki kirahisi kuwa 24. Basi mwongozaji Fred Zinnemann akapiga na toleo la CinemaScope la 35mm kwa fremu 24. Waigizaji wakuu, Gordon MacRae na Shirley Jones, walirudia kuigiza. Kwa hiyo una maigizo mawili tofauti ya filamu moja.

Kwa miaka mingi nyumbani watu walijua la CinemaScope. DVD ya 2005 ilibeba yote mawili, lakini la Todd-AO lilitoka limefifia na lina ukungu, mpaka wengine wakaamini lile la 35mm ndilo bora. Blu-ray ya 2014 ndiyo iliyolitendea haki: mahindi yanahesabika. Hapo ukatazame mwendo, kwa sababu fremu 30 zinaonekana kwa macho. Sketi zikizunguka hazirukiruki.

Seven Brides for Seven Brothers (1954) nayo ilipigwa mara mbili, ya picha pana na ya kawaida. Ukiipata yenye zote, ulinganishe ile ngoma ya kujenga ghala. Kwenye picha pana ndugu wote wanakaa ndani ya fremu. Nimeitazama kila namna na kwangu ile pana haina mpinzani.

#12 Ibn Darajani

Assalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Muscat, kwetu asili ni Unguja. Mbona mnazungumzia za Marekani tu? Wazee wetu waliojaza majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar walikwenda kumsikiliza Lata, mwimbaji wa filamu za Kihindi, na taarabu ikachota humo humo. Nani atatupimia matoleo ya Mughal-e-Azam? Baba ana ya rangi, mimi nina ya nyeusi na nyeupe, na kila Idi tunabishana.

#13 Mtazamaji

Wa alaykumu salaam, na ahsante kwa kuturudisha nyumbani.

Mpe baba heshima yake, lakini kwenye hili wewe una hoja. Mughal-e-Azam (1960) ya mwongozaji K. Asif ni nyeusi na nyeupe kwa sehemu kubwa, na ina sehemu chache za rangi, ukiwemo ule wimbo wa ukumbi wa vioo, Pyar Kiya To Darna Kya. Mwaka 2004 ikatiwa rangi yote kwa kompyuta, ikafupishwa kutoka dakika 197 hadi 177, na sauti ikatengenezwa upya, Naushad, mtunzi wa muziki wake, mwenyewe akisaidia.

Kazi ya kuipaka ilikuwa kubwa na sitaidharau. Ila fikiria mtazamaji wa 1960. Amekaa muda mrefu kwenye kijivu na kivuli, halafu mwigizaji Madhubala anasimama mbele ya mfalme, mlango wa rangi unafunguka, dari nzima ya vioo inamrudisha yeye mara mia. Kwake ni kama filamu nzima ilikuwa ikingoja hapo. Ukiipaka rangi tangu mwanzo, ukumbi ule unakuwa chumba kimoja kati ya vingi. Dakika 20 zilizoondoka ni hasara ya pili.

Kwa DVD za Kihindi za zamani kwa jumla kuna mambo matatu ya kuchunguza kabla hujalipa. Nembo ya msambazaji iliyogandishwa pembeni mwa picha, haiondoki mpaka mwisho. Nyimbo zilizorukwa, kwa hiyo hesabu dakika. Na filamu mbili au tatu zilizosongamanishwa kwenye diski moja, ambapo mchezaji akizunguka tu sakafu inageuka viboksi.

#14 Ibn Darajani

Nimemsomea baba. Amesema "hiyo ya vioo kweli." Amekaa kimya kidogo, akaniomba niweke ya kwangu Ijumaa.

#15 Mama Shuga

Na South Pacific je? Nimeikodi mtandaoni, nyuso zinageuka manjano, zambarau, kama nina homa ya manjano. Ni faili bovu?

#16 Mpiga Projekta

Hapana mama, hiyo ni ya tangu 1958. Mwongozaji Joshua Logan na mpiga picha Leon Shamroy waliweka vichujio vya rangi mbele ya lenzi wakati wa nyimbo. Rangi ile imo ndani ya negativu, haikutiwa baadaye. Logan mwenyewe aliijutia. Anayeitengeneza diski leo akiiondoa, anatengeneza filamu ambayo haikuwahi kuwepo. Iachwe hivyo, na anayechukia kama mimi achukie kwa haki.

#17 Mtazamaji

Naafiki, mzee wangu. Na kinyume chake ni West Side Story (1961). Mwanzo wake kuna mchoro wa mistari, muziki unapigwa, na rangi ya nyuma inabadilika yenyewe kutoka moja hadi nyingine mpaka mchoro unageuka kuwa Manhattan. Blu-ray ya 2011 iliingiza giza pale: picha inazimika, kisha inarudi, mahali ambapo kwenye filamu rangi inabadilika bila kukatika. Ni sekunde chache, ila ni mwanzo wa filamu, na picha yote iliyobaki ilikuwa nzuri. Mtu mmoja aliyeijua filamu angewekwa kuitazama kabla haijachapwa, angeliona hilo.

Kipimo kingine ninachokitumia ni mbio za farasi za Ascot kwenye My Fair Lady (1964). Mbunifu wa mavazi Cecil Beaton aliwavisha karibu watu wote pale nyeupe, nyeusi na kijivu. Hakuna pa kujificha. Nyeupe ikielekea njano au waridi, rangi za diski nzima zimeyumba. Blu-ray ya 2011 ilitoka kwenye kazi ya zamani na ilikuwa dhaifu. Ya 2015 ilirudi kwenye negativu ya 65mm, ikaskaniwa kwa 8K, kipimo cha juu kuliko 4K, na kofia zile zina kivuli ndani ya weupe. Mkiziona pamoja madukani, geuzeni kasha msome mwaka.

#18 Maneno wa Bukavu

Ndugu zangu, mimi niko Brussels. Naomba tumkumbuke mwongozaji Jacques Demy wa Ufaransa. The Umbrellas of Cherbourg (1964) inaimbwa kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, hata kwenye gereji ya magari. Ilipigwa kwa Eastmancolor, ambapo rangi zote tatu zinakaa kwenye mkanda mmoja na zinapauka upesi. Demy alijua hilo, akatoa nakala tatu za nyeusi na nyeupe, moja kwa kila rangi, akazihifadhi. Miaka ilipopita negativu ikachoka. Agnès Varda, mke wake, akairejesha miaka ya 1990 kwa kutumia nakala zile tatu. Karatasi za ukutani za nyumba ya Geneviève ziko hai leo kwa sababu mtu mmoja alifikiria mbele. Ukiona toleo lenye kuta zilizopauka, limetoka kwenye mkanda wa kabla ya kazi hiyo. Liache.

#19 Kinanda

Nimeiagiza sasa hivi. Swali la mwisho kutoka kwangu, na nadhani ni la wengi: deki yangu nimenunua Dar. Nikiagiza diski Marekani itasoma?

#20 Mtazamaji

Inategemea. DVD zetu ni za kanda (eneo la mauzo) ya 5, za Marekani ni kanda ya 1. Deki nyingi zinazouzwa kwetu zinasoma zote, lakini jaribu kabla hujalipa. Blu-ray za kawaida Afrika na Ulaya ni kanda B, Marekani ni A, na hapo deki huwa kali. Soma nyuma ya kasha, zipo zisizofungwa kanda. Diski za 4K hazina kanda kabisa.

Kama ni ya kuanzia, chukua Singin' in the Rain (1952) ya 4K iliyotoka 2022. Negativu yake ya asili iliteketea kwenye moto wa 1978 katika makumbusho ya George Eastman, Rochester, Marekani, kwa hiyo unachokiona kimetoka kwenye nakala za akiba. Usitegemee iwe kali kama The Wizard of Oz ya 2019, ambayo mikanda yake mitatu ilibaki na ikaskaniwa kwa 8K. Ni laini kidogo, na inapaswa kuwa hivyo. Kaa utazame ule wimbo wa mvua: taa ziliwekwa nyuma ya matone ili kamera iyaone, kwa hiyo yanapaswa kuonekana moja moja, na suti ya Gene Kelly inakuwa nzito na nyeusi kadiri inavyolowa. Halafu uniambie umeiona kwa mono au kwa ile ya njia nyingi.

#21 Kinanda

Mono kwanza. Nitaleta mrejesho.